Nimefikisha miaka 54, nimekubali kwamba sitaacha kununa. Huu ni utu uzima au ni uvivu?

#1 Lumbesa (Uyole)
Wakuu, salaam.

Niende moja kwa moja. Mimi ni mnunaji. Pombe sinywi, ugomvi sina, mkono sijawahi kumnyanyulia mtu, ila nikiudhiwa nanuna. Na sizungumzii kununa kwa saa mbili. Mwaka 2003 nilinuna tangu Pasaka hadi watu wanavuna mahindi, kisa shemeji yangu alisema mbele ya wageni kwamba najifanya najua bei za Dar kuliko walioko Dar.

Nimepambana na hii kitu. Nikiwa na 25 nilikuwa naandika kwenye daftari kila Januari: "mwaka huu sinuni". Nikiwa na 35 nikaokoka, kununa kukabaki palepale, tofauti ni kwamba nilikuwa nanuna huku naimba mapambio. Nikiwa na 45 nikasoma soma mambo ya ushauri nasaha kwenye simu, nikawa nanuna huku najua ninavyonuna.

Sasa mwezi uliopita kuna jambo limeniudhi, nikarudi nyumbani nikamwambia mama watoto: "Nimenuna. Wewe huhusiki sana. Alhamisi nitakuwa sawa." Akasema haya, akaendelea kuchambua maharage. Na kweli, Alhamisi nikawa sawa.

Tangu siku hiyo nina amani ambayo sikuwahi kuwa nayo. Nimeacha kujipiga. Watu wangu wameshanizoea, hata vijana wa ghalani wakiona nimevaa kofia hadi kwenye nyusi wanajua leo wasiniulize kitu. Kaka yangu ndiye tu tulipoteana tangu 2011, lakini hiyo ni habari nyingine.

Swali langu: mtu kukubali kasoro yake ukubwani, ni kukomaa au ni kuchoka tu? Wenye umri wenzangu mnasemaje?

#2 Kijana_wa_Mafiati
Shikamoo mzee wangu. Kununa kwa miadi, na tarehe ya kumaliza imetajwa kabisa, hicho ni kipaji.

Ila kisayansi ubongo hukomaa ukiwa na 25, baada ya hapo hakuna jipya. Umechelewa kwa miaka 29. Tulia tu mzee, kula pensheni ya kununa.

#3 Mama_Mlandege (Iringa)
Kamwene.

Mleta mada, umepima gunia upande mmoja. Mke anachambua maharage, sawa, ila hujatuambia alikuwa anawaza nini. Na huyo kaka umempitisha kwa sentensi moja kama basi la Dar linavyopita Igurusi. Habari nyingine ipi hiyo?

#4 Mkinga_wa_Duka (Makambako)
Naunga mkono hoja ya mleta mada, na ushahidi ninao.

Mimi ni Mkinga na ni bahili. Nasema mwenyewe kabla hamjanisemea. Kwa miaka 20 nilikuwa bahili wa kujificha. Simu ya kamati ya harusi ikiita naigeuza kifudifudi juu ya kaunta hadi inyamaze. Naahidi laki kwa sauti kubwa kwenye kikao, halafu natoa elfu ishirini harusi ikiwa imepita na bibi harusi ana mimba. Nilikuwa najichukia, na hela bado sitoi.

Nilipofika 50 nikasema basi. Sasa kamati ikija dukani nawaambia papo hapo: elfu ishirini, hii hapa, kadi msilete. Amini usiamini, siku hizi naheshimika. Wananiweka kwenye daftari kama hela ya uhakika, wakati wale wa laki tatu wanafukuzwa hadi Mafinga.

Ubahili ni uleule. Kilichoisha ni uongo wa kuufunika, na uongo ndio uliokuwa unanichosha. Mleta mada naye hajaacha kununa, ameacha kujifanya hanuni.

#5 Ndaga_Fijo (Tukuyu)
"Kadi msilete" 😂😂 Mkinga hata karatasi ya wenzake anaionea huruma.

#6 Mwalimu_Kihesa
Kijana #2, hilo la 25 limezagaa sana lakini mnalibeba vibaya. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosaidia kujizuia na kupanga, ndiyo inayokamilika kwenye miaka ya ishirini na kitu. Haina maana kwamba tabia inafungwa kufuli hapo.

Watafiti wa haiba wamefuatilia watu kwa miongo mingi katika nchi mbalimbali, na kwa wastani watu wanavyozeeka wanapungua wasiwasi na hasira, wanakuwa wapole na waangalifu zaidi. Lakini hapa ndipo patamu: wote mnapoa pamoja. Aliyekuwa na hasira kuliko wote darasani 1985 mara nyingi ndiye mwenye hasira kuliko wote mkikutana leo, ingawa nyote mmepoa. Kwa hiyo mleta mada anaweza kuwa amebadilika kweli asijue, kwa sababu anajilinganisha na watu waliobadilika naye.

Ila nisiwadanganye, kuna utafiti wa Scotland unaoniharibia hoja. Watoto wa miaka 14 walipimwa tabia mwaka 1950, waliobaki wakapimwa tena wakiwa na miaka kama 77, na uhusiano kati ya vipimo viwili ulikuwa mdogo mno, karibu unaongelea watu tofauti. Wanaoupinga wanasema kipimo cha mwanzo kilijazwa na walimu wao, cha pili wakajijazia wenyewe na watu wao wa karibu.

#7 Kijana_wa_Mafiati
Kwa hiyo waliokuwa na tabia mbaya ni walimu. Nilijua tu.

#8 Lumbesa
Mwalimu #6 asante. Umenikumbusha, mwaka juzi tulikutana tuliosoma pamoja, pale Soweto ya hapa Mbeya. Yule aliyekuwa anatupiga ngumi kwa kugombea kiporo sasa ni babu mpole, lakini tulipoagiza kuku bado alikuwa wa kwanza kuinua sauti kwa mhudumu. Sote tulicheka, yeye hakujua tunacheka nini.

Mkinga #4, umenielewa kuliko mke wangu.

#9 Ndaga_Fijo
Hebu niongeze ya kwetu Rungwe, maana mnaongea kama vile zamani watu hawakuwa na kasoro.

Babu zetu Wanyakyusa walikuwa na vijiji vya rika. Mvulana akifika kama miaka 10 anatoka kwa baba yake, anajenga vibanda na wenzake wa umri wake. Chakula wanaenda kula kwa mama zao kwa zamu, kundi zima, shamba la baba wanaendelea kulima, lakini kulala ni huko. Wakikua wanaoa hapohapo, kijiji kinakuwa chao hadi uzee. Yule mtafiti Monica Wilson na mumewe Godfrey waliokaa kwetu kati ya 1934 na 1938 waliandika sana habari hizi.

Sasa fikiria. Unazeeka na watu waliokujua tangu ukiwa na miaka 10. Wewe ni mnunaji? Walijua kabla meno yako ya utotoni hayajaisha. Mchoyo? Walishakunyang'anya ndizi. Hakuna siku utakaa chini uanze "kukubali kasoro zako", wenzako walishakukubalia zamani na kukupa jina la utani. Mimi naona haya mateso ya kujikubali ukubwani ni ugonjwa wa kuhamahama. Unakaa Dodoma miaka mitano, Mbeya sita, kila unapokwenda unajitambulisha upya kama mtu mwema, halafu unalazimika kuigiza.

Na jambo lingine. Wazee wale waliamini hasira inayowekwa moyoni bila kusemwa inaleta ugonjwa, hasa kwa watoto wa ukoo. Waliita pumzi ya watu. Kwa hiyo kwenye shughuli ya ukoo ilibidi mwenye kinyongo akitoe hadharani kwanza. Ukinyamaza na kinyongo chako, mtoto akiugua wanakuja kukuuliza wewe. Kwa sheria hiyo mleta mada angekuwa mshitakiwa wa kudumu.

#10 Msomaji_Kimya
Mkuu, hivyo vijiji si vilikuwa vya jando? Rika kama la Wamasai?

#11 Ndaga_Fijo
Hapana mkuu, Wanyakyusa hawakuwa na jando la kuingizia vijana rika. Rika lilikuwa ni kukua pamoja na kukaa pamoja basi.

#12 Chumvi_Kidogo (Mafinga)
Nimesoma yote. Mimi ni muuguzi, nimestaafu. Samahani nitawapoza kidogo.

Mama yangu mzazi aliitwa mvivu maisha yake yote. Alikuwa anaamka mzito, anasahau, baridi ya kawaida inamtesa kuliko wengine, akikaa jikoni anasinzia na mwiko mkononi. Baba alisema kaoa gogo. Bibi zetu walimwimbia. Na yeye mwenyewe, alipofika kama miaka 50 na kitu, akakubali. Alikuwa anasema akicheka: "Mungu aliniumba mvivu, mnivumilie." Sote tukaona amekomaa, ana amani.

Nilikuja kuanza kazi wodini ndipo nikamtazama shingo kwa jicho lingine. Alikuwa na rovu, uvimbe wa tezi ya shingoni. Wenye umri wangu mnakumbuka, huku Nyanda za Juu Kusini rovu lilikuwa la kawaida kiasi kwamba mtu hashangai. Udongo wetu wa milimani umeoshwa na mvua, madini joto ni haba, na chumvi yenye madini joto ilianza kusisitizwa sana miaka ya 1990. Tezi ikishindwa kazi, mtu anakuwa mzito mwili na akili. Kwa mama, vipimo vilionyesha hivyo. Akaanza vidonge. Ndani ya miezi kadhaa mama yangu alikuwa anafagia uwanja kabla ya jogoo.

Aliishi miaka tisa baada ya hapo. Siku moja aliniuliza: "Sasa yule niliyemkubali alikuwa nani?" Sikuwa na jibu na bado sina.

Kwa hiyo kabla hamjakubali, pimeni. Tezi, sukari, presha, sonona, kwa kina mama kukoma hedhi. Mtu ananuna wiki tatu, hali vizuri, halali, halafu tunaita tabia.

#13 Lumbesa
Dada #12, hapo kwa mama umenikalisha kimya. Kula nakula, kulala nalala, hata nikinuna nakoroma. Ila nitapima.

#14 Mzawa_Gangilonga
Wakuu mnazunguka. Tabia ni damu. Sisi Wahehe hasira na kutokubali kushindwa tumerithi kwa Chifu Mkwawa, aliyepigana na Wajerumani hadi wakamkamata Lugalo, na fuvu lake likarudishwa siku tulipopata uhuru. Mtu wa damu hiyo unamwambia akubali udhaifu?

#15 Mwalimu_Kihesa
Ndugu #14, sentensi moja umevunja vitu vitatu. Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe ndio waliowapiga Wajerumani, na kamanda wao Zelewski akafia hapo. Mkwawa hakukamatwa popote. Alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 baada ya kuwindwa karibu miaka minne tangu ngome ya Kalenga ianguke. Na fuvu lilirudishwa na Gavana Twining tarehe 19 Juni 1954, miaka saba kabla ya uhuru. Liko Kalenga, ni karibu tu, nenda ukaone.

Halafu kwa mada yetu hafai kuwa mfano. Inakadiriwa alizaliwa 1855, kwa hiyo alikufa akiwa na arobaini na kidogo. Hakufika umri huu tunaoujadili. Nani ajuaye angekuwa mzee wa namna gani?

#16 Mngoni_wa_Peramiho
Mwalimu, Mhehe akirekebishwa historia yake na Mhehe mwenzake leo hapalaliki. Njooni Songea tuwafundishe, watani wetu hawa tuliwachapa wakajifanya wamesahau.

#17 Mzawa_Gangilonga
Mngoni nyamaza, mlikimbia mkaacha hadi masufuria. Mwalimu nimekubali masahihisho. Mnaona? Nimekubali udhaifu mbele yenu na sijafa.

#18 Mchungaji_Mstaafu
Bwana asifiwe. Nitakuwa mfupi.

Paulo katika Wakorintho wa Pili sura ya 12 anaeleza habari ya mwiba katika mwili. Aliomba mara tatu uondolewe, akajibiwa neema inamtosha. Wengi mnaishia hapo na kusema kununa kwangu ni mwiba. Ndugu zangu, angalieni: mwiba ule ulikuwa unamchoma Paulo mwenyewe. Kama mwiba wako unachoma mkeo na kakako, huo si mwiba wa Paulo, hiyo ni fimbo na umeishika wewe.

Nimekuwa mchungaji miaka 31, na kasoro yangu ni kupenda kusifiwa. Mahubiri yakipokelewa kimya nilikuwa sili mchana. Nilipostaafu sifa zikakauka, nikadhani nimepona. Mjukuu wangu juzi ameniambia uji nilioupika ni mtamu, nikampikia siku tano mfululizo. Kwa hiyo sijapona, soko tu limefungwa.

Labda na ninyi jiulizeni: mmekubali, au hamna tena wa kuwapa nafasi?

#19 Mkangafu (Njombe)
Mchungaji kasema atakuwa mfupi 😂 ila ya uji imenimaliza.

Mimi napinga hii habari kwamba uzee unapoza watu. Nendeni mkaangalie ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Asubuhi kinyweo kinatoka kwenye mwanzi ni mtogwa, kitamu hadi mtoto anakunywa. Mbeta ileile ya kukingia, mwanzi uleule, kiache kikae: kinakuwa mkangafu, kinakupiga magoti. Hakuna aliyeongeza kitu. Binadamu ni hivyo. Baba yangu mdogo alikuwa mbishi wa kawaida akiwa na 40. Sasa ana 78, anabishana na redio hadi anaizima kwa kuikomoa. Kinachotokea ni kwamba ukizeeka wanaokuogopa wanaongezeka na wanaokukatalia wanapungua, wengine wamekufa. Wewe unaita amani.

Walioko Iringa, huko mvua zimeanza? Huku mianzi imeanza kukatwa.

#20 Mama_Mlandege
Mkangafu, zimeanza, matope tu. Turudi.

Naona nami niseme la kwangu, maana nimemshika mleta mada koo bila kujieleza. Mimi nina mdomo. Nasema kitu, kinatoka kimeshachongwa, watu wanacheka, na aliyesemwa anaenda kulia nyumbani. Nauza vitenge, mdomo huohuo ndio unaonilisha, kwa hiyo hata nikitaka kuuchukia nakumbuka ada za watoto.

Mwaka 2009 kwenye kikoba chetu kulikuwa na mwenzangu, rafiki wa kweli, tulikuwa tunafuata mzigo pamoja. Alikuwa anakopa mara kwa mara. Nikasema mbele ya wote: "Wewe unakopa kama mtu aliyeambiwa mwaka huu hauishi." Wakacheka, naye akacheka. Akamaliza deni lake, hakurudi tena. Miezi minne baadaye mumewe akafariki, na ndipo tukajua mikopo ile ilikuwa ya matibabu.

Msibani nilikwenda, nikakaa nyuma, nikaondoka kabla ya chakula. Miaka ikapita. Nilijaribu kila kitu: kufunga, kunyamaza wiki nzima, kuhesabu hadi kumi. Nikifika saba neno limeshatoka.

Miaka mitatu iliyopita nimekutana naye stendi, Ipogolo. Yuko na binti yake mkubwa. Nikaganda. Yeye akamgeukia binti akasema: "Huyu ndiye yule shangazi yako mwenye mdomo niliyekuwa nakwambia." Halafu akachukua mfuko wangu mmoja akaubeba. Nikaanza maneno yangu ya msamaha niliyoyapanga miaka yote ile, akaniambia, acha kunichosha, gari linaondoka.

Gari likaondoka kweli. Mpaka leo sijui nilisamehewa au nilizoeleka. Nilichojua ni kwamba kwake mimi nilikuwa mtu mwenye mdomo kama ambavyo mwingine ni mfupi au ana mwanya. Alikuwa amenikubali kabla yangu, na nilimgharimu.

Siku hizi kwenye kikao naenda na karanga. Mdomo ukiwa na kazi unapunguza maneno. Sijabadilika, nimejiwekea vizuizi. Ndiyo maana nakuuliza habari za kaka.

#21 Mkinga_wa_Duka
Mama #20, heshima yako. Karanga ni shilingi ngapi huko? Natania.

Kusema kweli umenifanya nifikirie. Binti yangu yuko chuo. Akiwa na shida ya hela hanipigii mimi, anampigia mjomba wake. Nilikuwa naona ni akili nzuri, anajua baba yupo vile. Sasa sina uhakika.

#22 Kijana_wa_Mafiati
Wazee, nimetania sana, acheni niseme moja bila utani.

Mnaongea kama kujikubali ni kitu kinachokuja na mvi. Baba yangu alijikubali akiwa na miaka 33. Alikuwa anaahidi na hatimizi. Viatu, ada, kuja kwenye kikao cha wazazi, kuja tu. Mama akilalamika anasema "mimi ndivyo nilivyo, ulinikuta hivi". Kwa utulivu kabisa, hapandishi sauti. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi ya jirani kuanzia saa kumi nikisubiri, kwa sababu alisema anakuja, hadi jirani akawa ananiletea chai bila kuniuliza.

Yeye hakuwa na mateso yoyote ya moyoni. Amani alikuwa nayo kuliko ninyi wote humu. Sisi ndio hatukuwa nayo.

Sasa hivi ana 58, na juzi kanipigia akasema "mwanangu, nimegundua mimi si mtu wa kuaminika". Ananieleza mimi kama habari mpya. Nilicheka hadi nikakosa la kujibu. Sijui alitaka nimpongeze au nini. Kabla ya kukata akasema atakuja Jumapili.

#23 Chumvi_Kidogo
Alikuja?

#24 Kijana_wa_Mafiati
Alikuja Jumatatu.

#25 Msomaji_Kimya
Uzi huu nimeusoma hadi ugali umeungua.

#26 Lumbesa
Wakuu, nilikuwa kimya siku mbili. Hapana, sikununa. Nilikuwa Umalila kufuata mzigo, mtandao ni wa kubahatisha.

Kuna jambo limetokea nyumbani. Mama watoto amesoma uzi. Kijana wangu alimwonyesha, kwa sababu alitambua ile ya kofia. Nikarudi nikamkuta ananicheka. Akasema: "Umekubali mwezi uliopita? Mimi nilikubali 2008, ningekungoja ningezeeka."

Nikamuuliza alikubali vipi. Akasema nikinuna huwa silalamiki chakula, kwa sababu kulalamika ni kuongea. Kwa hiyo miaka yote hii, nikinuna tu, yeye anapika ndizi mzuzu na maharage. Anazipenda, kwao Tukuyu, mimi sizipendi, na nikiwa sawa nasema. Nikawaza nyuma. Ni kweli. 2008, 2012, ile ya msiba wa mjomba, zote ni ndizi. Watoto wangu walikuwa wanajua baba amenuna kwa kunusa jikoni.

Nilitaka kuudhika nikashindwa. Halafu akaacha kucheka, akasema kuna mwaka mmoja ndizi hazikumsaidia. Mwaka alipopoteza mimba, mimi nikiwa nimenuna kwa jambo la gunia nane za viazi. Alinisubiri niseme neno, nikamaliza siku zangu ndipo nikasema. Hakulitaja tena hadi juzi.

Nimeandika, nimefuta, nimeandika. Mkinga, ile yako ya uongo kuisha ilinifurahisha sana. Lakini nadhani kuna deni lililobaki kwenye daftari la mtu mwingine na mimi nilikuwa nafunga hesabu peke yangu.

Sijui jibu la swali langu. Mwalimu anasema tumepoa pamoja, Mchungaji anasema soko limefungwa, Mkangafu anasema ni ulanzi. Dada wa Mafinga, presha nimepima, iko juu kidogo, tezi wamesema nirudi Jumatano.

#27 Mkinga_wa_Duka
Kaka pole. Pole kwa shemeji zaidi.

#28 Mama_Mlandege
Mwambie dada yangu kutoka Mlandege namsalimu, na akija Iringa kitenge kipo.

Sasa kaka yako?

#29 Msomaji_Kimya
Samahani kuingilia, mleta mada kwa kuwa umetoka Umalila, viazi gunia linaendaje huko? Nataka kuanza biashara ndogo.

#30 Mngoni_wa_Peramiho
Unamuuliza mtu anayejiita Lumbesa? Jina lenyewe ni kosa kisheria. Gunia la kilo 100 analijaza hadi linavaa kofia kama yeye akinuna.

#31 Lumbesa
Mngoni 😂 hapo umenipata. Kwa sasa tunapima kwa mzani, jina limebaki tu.

Mkuu #29, bei huwa inasemwa mbele ya gunia. Njoo Uyole asubuhi mapema, magari ya Umalila na Isyonje yanapofika, usije saa nne ukakuta madalali wameshagawana. Angalia viazi visiwe na macho ya kijani, na gunia lifunguliwe katikati, si juu, maana juu wanapanga vizuri. Kama ni mara ya kwanza usichukue zaidi ya gunia kumi.

#32 Mama_Mlandege
Lumbesa.

#33 Lumbesa
Nimekuona, mama. Namba yake ninayo.